Mfundisheni aliye mwisho wa kamba

Mhariri,

Nimesoma mara mbili ile habari ya wiki iliyopita kuhusu wapanda mlima wawili waliokesha mwambani hadi helikopta ilipowafuata asubuhi. Mwandishi wenu ameieleza vizuri: upepo, baridi, rubani aliyejaribu mara mbili akarudishwa na mawingu, akafanikiwa mara ya tatu. Mwishoni amewashauri wasomaji wanaopenda milima waambatane na kiongozi mzoefu na wabebe redio. Redio sina neno nayo. Hilo la kiongozi mzoefu ndilo lililonitoa kitandani kuja kuandika barua hii.

Katika habari nzima, aliyeumia ni huyo huyo kiongozi mzoefu. Mwenzake mmemtaja kwa sentensi moja, kwamba "alibaki naye". Alibaki naye usiku kucha, viungo vyote vizima, kamba anayo, taa ya kichwa anayo, na hakujua afanye nini. Simcheki. Mambo hayo yaliwahi kunikuta mimi.

Nina miaka 53. Nilianza kupanda nikiwa na miaka 24, na kwa miaka 14 sasa nawafundisha wengine namna ya kujiokoa na kuokoana. Bingwa si mimi. Hakuna kilele ambacho nilikuwa wa kwanza kukifikia, wala wa mia. Ninachokijua vizuri ni kamba, na nilikijua kwa aibu.

Ulikuwa msimu wangu wa tatu. Mwenzangu alikuwa amenizidi miaka 9 na safari zisizo na idadi. Yeye alikuwa amesoma kozi ya uokoaji ya wiki nzima. Mimi nilikuwa na cheti cha siku 2, nilichopewa na chama kimoja baada ya kutazama picha ukutani na kufunga mafundo 6 kwenye mguu wa kiti. Kazi tuligawana bila hata kuzungumza: yeye atangulie na ajue, mimi nifuate na niamini.

Tulikuwa tunaukata mwamba kwa ubavu, juu ya korongo. Nimejifunga kwenye bolti 2 zilizokitwa mwambani, ambazo ndizo nanga yangu, nampa kamba taratibu, naye akapotelea nyuma ya pembe ya jiwe. Nilisikia kwanza mawe. Halafu kamba ikashtuka mikononi mwangu, ikanivuta mbele hadi mikanda ya nanga ikanikaba mgongoni kama mtu aliyenidaka kwa kola. Kisha kimya. Kamba ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze, na huko mwisho wake alikuwa ananing'inia mtu chini ya mwamba uliotokeza, simwoni, namwita haitiki.

Kumteremsha haikuwezekana, maana shimo lililokuwa chini yake lilikuwa refu kuliko kamba iliyobaki. Kumvuta ndiyo usiseme: kilo zaidi ya 80, na kamba imepinda kwenye kona ya jiwe. Njia ilikuwa moja, kuuhamisha uzito wake kutoka kiunoni mwangu uende kwenye nanga, ili mimi niwe huru, nimfuate au nikaite watu. Shughuli hii inajulikana kila wanakopanda watu, na aliyeizoea anaimaliza kwa dakika chache. Unaifunga kwanza kamba kwa kitanzi kwenye kifaa cha breki, kile cha kiunoni kinachoizuia kamba isikimbie, mikono yote miwili inakuwa huru. Unachukua kikamba chembamba, unakizungusha mara 3 kwenye kamba yenye mzigo, kisha unakiunganisha na nanga. Hilo ndilo fundo la Prusik, alilolitangaza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931, na uzuri wake ni kwamba likiwa halina mzigo unalisukuma kwa vidole, likipata mzigo linauma, yaani linaing'ang'ania kamba. Unaachia breki kidogo kidogo hadi fundo lipokee uzito. Nyuma yake unaweka fundo la akiba. Unajitoa.

Kwenye karatasi ni mistari michache. Sasa niwaeleze ilivyokuwa.

Vikamba vyembamba vyote vilikuwa kiunoni mwake. Mjuzi ni yeye, kwa hiyo mbebaji ni yeye, na sasa ujuzi na vikamba vilikuwa vinabembea pamoja chini ya jiwe. Mimi nilikuwa na kikamba kimoja, na unene wake ulikaribia ule wa kamba yenyewe. Fundo la Prusik linauma kwa sababu kikamba ni chembamba kuliko kamba kinayoizunguka. Vikikaribiana unene, linateleza. Hilo sikulijua. Kwenye mguu wa kiti kila fundo linauma. Manyunyu yalikuwa yameanza, kamba imeloa. Kile kitanzi cha kufungia breki kilikuwa kimenitoka kichwani kabisa, kwa hiyo mkono wa kulia haukuthubutu kuachia hata nukta moja, na fundo nikalizungusha kwa mkono wa kushoto, nikalikaza kwa meno. Nikalegeza breki. Fundo likaserereka kiasi cha kiganja, na kutoka chini nikasikia sauti, ya kwanza tangu aanguke, sauti ambayo nisingependa kuieleza. Nikabana tena. Nikajaribu mara ya pili. Mara ya tatu. Begi langu, lenye ukanda ambao ungeweza kunisaidia, lilikuwa limetundikwa kwenye nanga nyuma yangu, mbali na ncha za vidole vyangu kwa upana wa kitabu.

Kitu pekee nilichokikumbuka katika siku zile 2 za cheti ni filimbi. Ilikuwa shingoni. Mipulizo 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unaanza tena. Nilipuliza hivyo kwa muda wa dakika 40 hivi, na nilipojibiwa kwa mipulizo 3, ambalo ndilo jibu lake, nililia huku filimbi ikiwa mdomoni, ikawa inalia na yenyewe.

Hawakuwa kikosi cha uokoaji. Walikuwa wapandaji wawili waliokuwa njia ya pili. Aliyenifikia kwanza alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alikitazama kikamba changu, hakusema kitu, akatoa chake chembamba, akazungusha mara 5 badala ya 3 kwa sababu ya maji, akaunganisha, akakagua, akaweka akiba. Hazikufika dakika 5. Kisha akaniambia, "Haya dada, achia." Sikuweza. Vidole vilikuwa vimeganda katika umbo la kamba. Akanifungua kimoja kimoja, kama unavyomnyang'anya mtoto aliyelala kitu alichokishika.

Mwenzangu alivunjika mguu mahali 2. Kikosi kilikuja kesho yake kwa miguu, kwa kuwa mawingu yalikataa kuondoka, na kumtoa pale mpaka barabarani ilikuwa kazi ya siku nzima. Machela juu ya mawe inataka watu 6 kwa wakati mmoja, na hao 6 hawafiki mbali kabla ya kupokewa na wengine 6, na wengine tena. Anatembea leo, anachechemea kidogo, na anasema ni kwa ajili ya kupendeza.

Sasa niruhusu, Mhariri, niseme ninachotaka kusema. Mafunzo ya uokoaji yanapelekwa kwa mtu asiye sahihi. Chama kikipata nafasi 2 za kozi nzuri, kinamtuma nani? Kiongozi na msaidizi wake. Kikundi kikichanga fedha za kumsomesha mmoja, kinamchagua aliye hodari kuliko wote. Inaonekana ni busara. Lakini huyo hodari ndiye anayetangulia, ndiye anayeikanyaga theluji ambayo hakuna aliyeijaribu, ndiye anayeshika jiwe lililolegea kabla ya wengine, na akianguka anaanguka umbali mrefu kuliko wote kwa sababu kamba iko chini yake. Tunaweka dawa zote kwenye chupa moja, halafu tunaitanguliza chupa hiyo mbele kwenye mawe.

Wanaobisha huniambia kwamba wakubwa hawaanguki ovyo. Huwa nawakumbusha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, tarehe 10 Agosti 1953. Wamarekani na Mwingereza mmoja walikuwa wanamteremsha mwenzao, Art Gilkey, aliyekuwa na damu iliyoganda mguuni. Mmoja akateleza, kamba zikanaswa moja kwa nyingine, na watu 5 wakaporomoka, akiwemo Charles Houston, kiongozi wa msafara mwenyewe, tena daktari. Aliyewazuia wote pamoja na mgonjwa ni Pete Schoening, kijana wa miaka 26, kwa shoka la barafu alilolikita nyuma ya jiwe na kamba aliyoizungusha mwilini. Gilkey alitoweka baadaye siku hiyo hiyo, na inaaminika alichukuliwa na poromoko la theluji, lakini waliobaki walirudi nyumbani. Houston alipigiza kichwa, na kwa muda hakujua hata yuko wapi. Ujuzi wake wote ulikuwepo pale mlimani na haukuwa na faida kwa mtu. Waliponea mikononi mwa kijana.

Uhodari pia haumzuii mtu kusahau. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill, mmoja wa wapandaji bora kabisa duniani wakati huo, aliipitisha kamba kwenye hanesi yake, ile mikanda ya kiunoni na mapajani ambayo mpandaji hufungiwa kamba, akashughulika na kitu kingine kabla ya kumaliza fundo, akapanda hadi juu, akaegemea kamba ili ateremshwe. Alianguka zaidi ya mita 20. Mti ulimpokea, akapona. Mwaka 2019 huko El Potrero Chico, Mexico, Brad Gobright, mtu aliyepanda kuta kubwa bila kamba, alikuwa anateremka na mwenzake kwa kamba ambayo ncha zake hazikuwa na fundo la kuzuia. Ncha ilichomoka kwenye kifaa chake. Mwenzake alipona kwa kuangukia vichaka na kijukwaa cha mwamba. Yeye alikufa. Nasimulia haya bila kuwadharau hata chembe. Yote mawili ni makosa ambayo mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anaweza kuyaona kwa macho, akiwa amefundishwa kwamba ana haki ya kumkagua aliyemzidi.

Hilo la haki ndilo gumu kuliko mafundo. Kwenye zoezi moja nawaweka wanafunzi chini ya ukuta, namwambia mwalimu mwenzangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, avae hanesi huku mkanda mmoja haukurudishwa kwenye bizimu. Kazi ya mwanafunzi ni kumkagua kabla hajapanda: mkanda, fundo, karabina (ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba) imefungwa skrubu, kifaa cha breki kimevishwa upande sahihi. Wengi wanauona mkanda. Macho yanafika pale, yanasita, yanamwangalia mzee usoni, halafu wanasema, "Tuko sawa." Nikiwauliza baadaye kwa nini, jibu linafanana: nilidhani ana sababu yake. Heshima ni kitu kizuri, nami nimelelewa nayo, lakini mkanda uliolegea haujui umri wa mtu.

Kwenye milima mirefu jambo hili linazidi kuwa baya, kwa sababu huko ugonjwa unaanza kwa kuiba akili ya kupimia mambo. Ukifika mita 5,500 mgandamizo wa hewa umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kanuni inayofundishwa ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike siku moja bila kupandisha kambi. Viongozi wote wanaikariri. Lakini kiongozi ndiye anayebeba haraka ya safari, na kichwa kikimuuma anakunywa kidonge, ananyamaza. Ubongo ukianza kuvimba, yeye ndiye wa mwisho kujua. Atakuambia yuko sawa, na atakuambia kwa hasira.

Kwa hiyo nawafundisha walio nyuma jaribio ambalo halihitaji kifaa. Mwambie mtu atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua 10. Akiyumba kama mlevi, mjadala umekwisha: anashuka, sasa hivi, hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Dawa zipo, oksijeni ipo, na upo ule mfuko wa kumfungia mgonjwa na kumpampia hewa ili mwili wake udhani umeshuka. Vyote ni vya kununua muda tu. Nawauliza wanafunzi wangu: nani kati yenu atamwambia kiongozi ashuke? Wanatazamana. Basi tunalifanyia zoezi, kwa sauti, mmoja akiigiza mgonjwa mkali anayetukana. Watu wanacheka sana katika zoezi hili. Mara nyingi vicheko vinaisha dakika ya tatu hivi, mgonjwa anapokataa katakata na mtu inabidi amshike mkono.

Theluji ndiyo inayoumaliza ubishi huu kabisa. Mtu akifunikwa na poromoko, nafasi kubwa ya kumtoa hai ni ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza. Baada ya hapo inaporomoka nayo. Helikopta haifiki kwa muda huo hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Vipo vifaa vya redio vinavyovaliwa kifuani, vyote vinatumia masafa mamoja ya kilohezi 457, ili cha aliye juu kimtafute aliye chini. Unahitaji hicho kifaa, fito ndefu ya kudungia theluji, na koleo. Sasa niambie, ikiwa mmoja tu katika kundi ndiye anayejua kutafuta, na ndiye aliyefunikwa, vile vifaa kwenye vifua vya wengine ni mapambo ya aina gani?

Kuna wanaosema kumtwika mgeni mambo haya ni kumtisha, ataikimbia michezo ya mlima kabla hajaipenda. Ninao ushahidi wa kinyume, japo mdogo, wa uwanjani kwangu. Wanaokimbia ni wale waliotishwa kwa maneno. Aliyekwisha kuning'iniza gunia la mawe la kilo 80 kwenye kamba yake, akalihamishia kwenye nanga kwa mikono yake mwenyewe, haogopi. Anakuwa na kiburi kidogo, na kazi yangu inakuwa kukipunguza.

Hilo gunia ndilo mwalimu wangu mkuu. Asubuhi ya kwanza nawaacha wafunge kila kitu kwa raha zao, mikono mikavu, jua linawaka, hakuna mzigo. Wote wanafaulu, na wengine wanaanza kuangalia saa. Baada ya chakula nalining'iniza gunia. Nusu wanashindwa. Kesho yake naimwagia kamba maji, nawavisha glavu, nawafunga kitambaa machoni. Hapo ndipo unapojua nani anajua. Mikono ina kumbukumbu yake, tofauti na ya kichwa, na inaipata kwa kurudia tu. Mwanafunzi mmoja, mhandisi, mtu wa hesabu safi, alinichorea mpango wa kamba wa kumvuta mtu kwa mapindo ya herufi Z na kunithibitishia kwamba nguvu zinazidishwa mara 3. Nikamwambia avute. Hakuwa na kapi, alikuwa na karabina tupu, na kamba ilikuwa inasugua ukingo wa jiwe. Alivuta hadi akakaa chini. Hesabu ilikuwa sahihi, ila msuguano hakuwa ameuandika. Tangu siku hiyo ananisaidia kufundisha somo hilo, na anaanza kwa kujisimulia mwenyewe.

Ndiyo maana siviheshimu sana vyeti, hata ninavyovisaini. Cheti kinakaa miaka kwenye fremu, mikono inasahau kwa miezi. Kama ningekuwa na mamlaka, ambayo sina na pengine ni heri, ningeweka siku moja kabla ya kila msimu ambapo kila aliye kwenye kamba, kuanzia aliyejiunga juzi, anauhamishia uzito wa mwenzake kwenye nanga mbele ya wengine. Asiyeweza hafukuzwi. Anarudia hadi aweze, na hadi hapo hapandi kwenye kamba ya mtu ambaye maisha yake yatamtegemea. Mzoefu naye afanye, na afanye akiwa wa mwisho kwenye kamba, siyo wa kwanza. Vikamba vyembamba vigawanywe kiunoni kwa kila mtu. Hili la mwisho linaweza kuanza hata leo jioni.

Mahali pengine wameshalielewa hili kwa namna yao. Nepal, katika kijiji cha Phortse, kuna Khumbu Climbing Center, iliyoanza mwaka 2003. Kwa miaka mingi wenyeji wa kule walibeba mizigo na kufunga kamba za wageni kwenye milima mirefu kuliko yote duniani, na wengi wao hawakuwa wamewahi kufundishwa rasmi kuzitumia kamba hizo kwa usalama wao wenyewe. Kituo kile kinawafundisha wao: kamba, barafu, huduma ya kwanza, uokoaji. Mtu aliyeonwa kuwa ni wa kubeba tu akakalishwa darasani kama mwokoaji. Sina haja ya kuongeza neno hapo.

Narudi kwenye gazeti lako. Ninaomba jambo dogo. Mwandishi wenu atakapotumwa tena kwenye habari kama ile, baada ya kumhoji rubani na daktari, amtafute yule aliyebaki upande wa pili wa kamba. Amuulize alifundishwa nini, na nani, na lini mara ya mwisho alifanya kwa mikono. Aulize na kiunoni alikuwa na nini. Ayaandike majibu hata kama hayapendezi, bila jina lake ikibidi. Sisi tunaofundisha tungejifunza zaidi kwenye majibu hayo kuliko kwenye picha ya helikopta, ingawa nakiri picha yenyewe ilikuwa nzuri, nimeikata nikaibandika kwenye ubao wa darasa.

Na kama yule kijana wa usiku ule anasoma gazeti hili, aje. Siku ya mazoezi tuna mgonjwa wa kudumu anayeijua kazi yake: ni yule mwenzangu wa korongoni, ambaye siku hizi hapandi, lakini hujitolea kuning'inizwa kwenye kamba nusu siku nzima ili wanafunzi wamwokoe mtu wa kweli baada ya kumaliza gunia. Sharti tulilomwekea ni moja, kwamba amezimia, kwa hiyo asiseme. Hajawahi kulitimiza. Kila mwanafunzi akishika kikamba kinene, anafumbua jicho moja na kukohoa.

Mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa kamba